Distro za Linux zihame xz ziende zstd? Inategemea nani anasubiri

Distro ni mfumo wa Linux uliofungashwa pamoja na programu zake, kama Debian, Ubuntu, Fedora au Arch; xz na zstd ni njia mbili za kubana vifurushi vya programu hizo ili viwe vidogo. Mwishoni mwa mwaka 2021 watumiaji wa Debian 11 walianza kukutana na kosa geni. Unapakua faili la .deb, yaani kifurushi cha programu, lililotengenezwa kwenye Ubuntu mpya, unaiambia dpkg, zana ya kusakinisha vifurushi, ilisakinishe, nayo inakujibu kwamba ndani kuna kitu kinaitwa control.tar.zst, kimebanwa kwa njia isiyoijua, na inaishia hapo hapo. Faili si bovu wala halikukatika njiani. Ulipakue upya mara kumi, jibu ni lile lile.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, kipasue kifurushi chenyewe. Faili la .deb ni jalada la ar, zana ya Unix ya tangu miaka ya 1970, na ndani yake mna vitu vitatu tu. Cha kwanza ni debian-binary, maandishi mafupi yenye namba ya toleo la fomati, 2.0. Cha pili ni control.tar, chenye jina la kifurushi, mategemeo yake na skripti za usakinishaji. Cha tatu ni data.tar, na humo ndimo ilimo programu yenyewe. Hivyo viwili vya mwisho hubanwa, na mkia wa jina ndio unaotaja njia iliyotumika: .gz, .xz au .zst. Ubuntu 21.10, iliyotoka Oktoba 2021, iliacha xz ikaanza kubana vifurushi vyake kwa zstd. Dpkg ya Debian 11 ilikuwa haijafundishwa kuisoma zstd. Dawa iliyozunguka ilikuwa ya mikono: fungua jalada kwa ar, fungua vipande viwili kwa zstd, vibane upya kwa xz, kisha virudishe ndani kwa mpangilio ule ule. Ilifanya kazi, ila kumwambia hivyo mtu aliyetaka tu programu yake iwake ni kumwonea.

Ubuntu hawakuwa peke yao. Fedora walikwisha kuhamia zstd katika toleo la 31, Oktoba 2019. Arch walibadilisha mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo. Debian, ambao ndio chimbuko la Ubuntu, mpaka leo wanabana vifurushi vyao kwa xz. Wote hawa ni watu wanaoijua kazi yao, wana vipimo vile vile mezani, na wamefikia maamuzi tofauti. Ukisoma mabishano yao utadhani yanahusu fomati ipi ni bora. Kwa maoni yangu kinachogombaniwa ni nani abebe gharama: mwenye intaneti ya polepole, mwenye prosesa dhaifu, au mwenye seva.

Kinachofanyika faili linapobanwa

Karibu fomati zote zinazotajwa katika mjadala huu zina asili moja, yaani kazi ya Jacob Ziv na Abraham Lempel ya mwaka 1977, na zote hufanya mambo mawili kwa mfuatano. Kwanza zinatafuta marudio. Chukua maneno haya: haba na haba hujaza kibaba. Programu ya kubana inaandika herufi za mwanzo kama zilivyo. Ikifika kwenye haba ya pili haiandiki tena herufi, inaandika maelekezo: rudi nyuma nafasi nane, nakili nne. Atakayefungua atayafuata maelekezo hayo na kupata neno lile lile. Katika sentensi fupi hivyo faida haionekani, lakini katika programu ya megabaiti mia, ambayo imejaa majina na vipande vya kodi vinavyojirudia, faida ni kubwa mno.

Inaweza kurudi nyuma umbali gani? Hapa ndipo fomati zinapoanza kuachana. Gzip inakumbuka kilobaiti 32 tu za nyuma. Neno likijirudia kilobaiti 40 baadaye, kwa gzip ni neno jipya kabisa. Xz katika kiwango chake cha kawaida, cha 6, inakumbuka megabaiti 8, na katika kiwango cha 9 inakumbuka 64. Zstd katika kiwango chake cha juu kabisa, cha 22, inafika megabaiti 128. Kumbukumbu hiyo inaitwa dirisha, na ina bei yake, kwa sababu anayefungua naye lazima awe na RAM ya kulitosha. Ndiyo maana kubana kwa xz -9 faili litakalofunguliwa kwenye ruta ndogo ya nyumbani ni ukorofi.

Jambo la pili ni kuyaandika yale maelekezo na herufi zilizobaki kwa biti chache iwezekanavyo: kinachotokea mara nyingi kipewe biti chache, cha nadra kipewe nyingi. Gzip inatumia mbinu ya Huffman ya mwaka 1952, ambayo ni nyepesi ila haifiki mwisho wa uwezekano. Xz inakwenda mbali zaidi. Inakadiria kila biti peke yake kutokana na zilizotangulia, na kila ikisoma biti moja inarekebisha makadirio yake kabla ya kugusa inayofuata. Ndiyo sababu inabana vizuri namna ile, na ndiyo sababu ni nzito kufungua. Prosesa za leo zina kasi kwa kuwa zinafanya mambo mengi kwa mpigo, ila hapa kila hatua inasubiri jibu la hatua iliyopita, hivyo uwezo mwingi wa prosesa unakaa bure.

Zstd ilipita katikati. Mwandishi wake ni Yann Collet, aliyekuwa tayari anajulikana kwa LZ4, fomati nyingine ya kubana, na alipoajiriwa na Facebook akatoa toleo la 1.0 mwezi Agosti 2016. Sehemu ya pili ya zstd inatokana na nadharia ya Mpolandi Jarek Duda, ambayo inakaribia ubanaji wa njia kama ile ya xz, lakini kwa kusoma majedwali yaliyoandaliwa mapema badala ya kukokotoa kila biti upya. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe kwenye kompyuta nzuri ya mezani, zstd katika kiwango cha 1 hufungua takribani megabaiti 1,500 kwa sekunde, wakati zlib, maktaba inayotumia algoritimu ile ile ya gzip, inazungukia 400. Xz iko chini ya zote hizo.

Kuna jambo jingine ambalo kwa distro ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa zstd, ubane kwa nguvu au ubane kidogo, kasi ya kufungua inabaki karibu ile ile. Kifurushi kinabanwa mara moja, kwenye mashine ya distro, kisha kinafunguliwa na maelfu au mamilioni ya watu. Mwenye distro anaweza kutesa seva yake dakika nzima kwa ajili ya kifurushi kimoja, na anayekifungua asijue.

Tulivyofika kwenye xz

Kuhama huku si kwa kwanza. Zamani Unix ilikuwa na programu iliyoitwa compress, iliyotumia algoritimu ya LZW. Ikagundulika kwamba LZW ina hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mikononi mwa kampuni ya Unisys, na jamii ya programu huria ikatafuta pa kukimbilia. Jean-loup Gailly na Mark Adler wakatoa gzip mwaka 1992. Kwa hiyo kilichowahamisha watu mara ile ya kwanza kilikuwa wanasheria. Mwaka 1996 Julian Seward akatoa bzip2, iliyobana vizuri kuliko gzip lakini ikafungua polepole, na yenyewe ilikuwa imeacha mbinu moja ya mtangulizi wake, bzip, kwa woga ule ule wa hataza.

Xz ina mizizi kwenye LZMA ya Igor Pavlov, yule wa 7-Zip, ikaletwa kwenye ulimwengu wa Unix na Lasse Collin. Distro ya Slackware, toleo la 13.0, ilihamisha vifurushi vyake kutoka .tgz kwenda .txz mwaka 2009. Debian waliifanya xz kuwa chaguo la kawaida la dpkg mwaka 2013, na mwishoni mwa mwaka huo tovuti rasmi ya kerneli ya Linux ikaamua kuachana na bzip2 na kutumia xz. Wakati ule hoja ilikuwa moja tu, ukubwa. CD ya usakinishaji ilikuwa na mwisho wake, na seva za kujitolea zinazonakili distro nzima zililipia kila gigabaiti.

Miaka michache baadaye diski za SSD zikasambaa, intaneti ya ofisini na ya seva za wingu ikawa ya kasi, na watu wakaanza kujenga kontena, yaani mifumo midogo iliyotengwa ya kuendeshea programu, zinazosakinisha vifurushi mamia kwa siku. Hapo ndipo xz ikaanza kuonekana mzigo.

Hesabu ya kusubiri

Tuhesabu. Tuseme una sasisho la megabaiti 400 zilizobanwa kwa xz, na likifunguliwa linakuwa megabaiti 1,600. Tuseme kompyuta yako inafungua xz kwa kasi ya megabaiti 80 kwa sekunde. Hizo ni sekunde 20. Kwa zstd tuseme inafungua megabaiti 800 kwa sekunde, yaani sekunde 2. Umeokoa sekunde 18.

Sasa tazama upande wa kupakua. Arch walipotangaza uamuzi wao mwanzoni mwa Januari 2020 walisema kwamba vifurushi vyao vyote kwa pamoja viliongezeka ukubwa kwa asilimia 0.8 hivi, huku kasi ya kufungua ikipanda kwa asilimia 1,300. Kwenye sasisho letu, asilimia 0.8 ni megabaiti 3.2. Kwa intaneti ya megabiti 4 kwa sekunde, ambayo ni nusu megabaiti, hiyo ni nyongeza ya sekunde 6 na kidogo. Umetoa sita umepata kumi na nane. Hapo hakuna wa kulalamika.

Ubuntu mambo yalikuwa tofauti. Walipoanza kulijaribu jambo hili mwaka 2018, vipimo vyao vilionyesha vifurushi kuongezeka kwa takribani asilimia 6. Kwenye megabaiti zetu 400 hizo ni 24. Kwa intaneti ile ile ya megabiti 4 unasubiri sekunde 48 zaidi ili uokoe 18, na ukiongeza bei ya bando hasara inakuwa mara mbili. Kwa intaneti ya megabiti 100, megabaiti hizo 24 zinakula sekunde 2 tu, na umebaki na faida ya 16. Ukitafuta mahali mizani inapolingana, kwa mfano huu ni kwenye megabiti 11 hivi kwa sekunde. Aliye juu ya hapo anashukuru. Aliye chini analipia haraka ya mwingine.

Mbona Arch waliongeza asilimia 0.8 na Ubuntu 6, na fomati ni hiyo hiyo? Jibu liko kwenye kiwango. Arch walichagua zstd kiwango cha 20, ambacho unakipata tu kwa kuongeza chaguo la --ultra, na dirisha lake ni la megabaiti 32, mara nne ya dirisha la kawaida la xz. Ubuntu walitumia kiwango cha 19, dirisha la megabaiti 8, sawa na la xz waliyokuwa wakiilinganisha nayo. Fedora ndiyo ilikuwa na kazi rahisi kuliko wote: wao walikuwa wanatumia xz katika kiwango cha 2 tu, ili isiwacheleweshe, hivyo zstd ya 19 ilikuwa na nafasi pana ya kuishinda. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba zstd inabana vibaya kuliko xz, au kwamba zinalingana, uliza kwanza: kiwango gani dhidi ya kiwango gani? Bila hilo namba hizo hazisemi kitu.

Vipimo vya Ubuntu vina jambo jingine ambalo halikupata kelele lililostahili. Usakinishaji wa kawaida uliharakishwa kwa asilimia 10 hivi tu. Walipotumia eatmydata, zana inayoizuia programu kusubiri diski ithibitishe kwamba imeandika, faida ya zstd ilipita asilimia 40. Maana yake ni kwamba kwa mtumiaji wa kawaida dpkg haikuwa inachelewa sana kwa sababu ya xz. Ilikuwa inachelewa kwa sababu inaisubiri diski, kwa makusudi, ili umeme ukikatika katikati usibaki na mfumo nusu. Unaweza kubadilisha fomati ya kubana kila mwaka na bado usiguse kinachomchelewesha mtu.

Na kwa huku kwetu hesabu ina ncha mbili. Wengi wanatumia kompyuta za mtumba zenye prosesa za miaka kumi iliyopita, au Raspberry Pi, na hao hao ndio wanaopakua kwa bando la simu. Intaneti mbovu inasema kaa na xz. Prosesa mbovu inasema nenda zstd, kwa sababu kazi iliyochukua sekunde 20 kwenye mashine nzuri inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kwenye mashine yako. Kwa vipimo vya Arch, vyote viwili vinaridhika. Kwa vipimo vya Ubuntu, inabidi uchague unachokikosa zaidi, muda au MB. Ningekuwa nahudumia chuo chenye intaneti ndogo na maabara ya kompyuta thelathini, wala nisingejisumbua na fomati; ningeweka seva ndogo ya ndani inayohifadhi vifurushi vikishapakuliwa, ili kila kimoja kiingie chuoni mara moja tu.

Nusu sekunde ya mwezi Machi

Tarehe 29 Machi 2024 mjadala huu ulibadilika ghafla kutoka kasi kwenda usalama. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kitu kingine kabisa akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida, na sshd, programu inayopokea wanaoingia, inakula prosesa bila sababu. Badala ya kupuuza, akafuatilia. Akakuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia.

Namna ulivyofichwa inaeleza mengi. Kodi haramu haikuwa kwenye kodi chanzi inayosomeka. Ilikuwa ndani ya mafaili mawili ya majaribio, ya aina ambayo kila programu ya kubana inayo ili kuthibitisha kwamba inafungua faili zima na kulikataa lililoharibika. Nani atalikagua faili ambalo kazi yake ni kuwa bovu? Kisha skripti moja, ambayo haikuwemo kwenye hazina ya kodi bali kwenye jalada la toleo tu, ikawa inayafungua mafaili hayo wakati wa kujenga vifurushi vya .deb na .rpm na kupachika kilichomo kwenye liblzma, maktaba ya xz. Aliyefanya hivyo alijiita Jia Tan. Alikuwa amechangia mradi kwa zaidi ya miaka miwili, akajenga imani hadi akapewa ufunguo, wakati Lasse Collin, aliyekuwa akiutunza mradi bila malipo, alikuwa anasukumwa na barua za watu wasiojulikana wakimlaumu kwamba anachelewa.

Lakini sshd inahusianaje na kubana mafaili? OpenSSH yenyewe haitumii xz. Debian, Fedora na wengine walikuwa wameongeza kiraka, yaani badiliko dogo la kodi, ili sshd iitaarifu systemd, programu inayowasha na kusimamia nyingine, kwamba imewaka, na kiraka hicho kilitumia libsystemd, maktaba yake, ambayo nayo ilikuwa imeunganishwa na liblzma kwa sababu kumbukumbu za matukio za systemd zinaweza kubanwa. Kwa njia hiyo maktaba ya kubana ikaingia kwenye mlango mkuu wa seva. Arch walikuwa na matoleo hayo hayo, ila sshd yao haikuwa na kiraka kile, hivyo mtego haukuwa na pa kunasa. Ubuntu waliahirisha toleo la majaribio la 24.04 kwa wiki moja ili wajenge upya vifurushi vyao.

Watu wengi walisema siku zile: hii ndiyo sababu ya kuachana na xz. Sikubaliani nao. Fomati ya xz haikuwa na kosa, na mtu yule angeweza kuchagua mradi wowote uliotunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Isitoshe, distro ikihamia zstd haiifukuzi xz. Vifurushi vya zamani bado vipo, majalada ya kodi chanzi ya miaka kumi na zaidi bado yako kwenye .tar.xz, na dpkg bado inaihitaji liblzma ili iyasome. Kinachotokea ni kwamba maktaba ya pili inaongezwa juu ya ya kwanza, kwenye kile kifungu cha programu ambazo mfumo hauwezi kuwaka wala kujisasisha bila hizo. Mwenye kuhesabu milango atakuambia imeongezeka.

Zstd nayo ina mwenyewe, na mwenyewe ni kampuni. Hilo lina faida, kwa kuwa kuna watu wanaolipwa kuitunza, na lina upande wa pili. Mpaka Agosti 2017 zstd ilikuwa na leseni ya BSD iliyoambatana na kifungu cha hataza cha Facebook ambacho wengi katika programu huria hawakukipenda. Toleo la 1.3.1 likakiondoa na kuweka BSD na GPLv2, mtu achague. Bila hatua hiyo sidhani kama tungekuwa na makala ya kuandika.

Kusoma kwanza, kuandika baadaye

Ukilinganisha distro zilizohama, tofauti kubwa niionayo ni mpangilio wa hatua. RPM, zana ya vifurushi ya Fedora, ilifundishwa kusoma zstd katika toleo la 4.14, mwaka 2017, na Fedora wakaanza kubana kwa zstd miaka miwili baadaye. Tena RPM ina adabu katika jambo hili: kifurushi kinatangaza chenyewe, kwenye kichwa chake, kwamba kinahitaji rpm inayoijua zstd. Ukikipeleka kwenye mashine ya zamani, kama yenye RHEL 7, distro ya kampuni ya Red Hat, unaambiwa kinachokosekana ni rpmlib(PayloadIsZstd). Angalau unajua pa kwenda. Arch nao walihakikisha libarchive, maktaba ambayo pacman, zana yao ya vifurushi, inaitumia kufungua vifurushi, imeijua zstd tangu 2018. Aliyekuwa hajasasisha mashine yake muda wote huo waliandaliwa pacman-static, pacman iliyobeba maktaba zake zote ndani, ili ajinasue.

Ubuntu kwa watumiaji wao walifanya vivyo hivyo. Dpkg yao ilifundishwa kusoma zstd mapema, kwa kiraka chao wenyewe, wakaanza kuandika mwaka 2021. Tatizo ni kwamba .deb si mali yao peke yao. Kuna Debian, na kuna distro kadhaa zilizozaliwa na Debian, na kuna kampuni zinazotengeneza .deb moja na kutarajia isakinike kote. Ombi la kuiingiza zstd kwenye dpkg lilifikishwa Debian mwaka 2018. Lilikaa. Likapokelewa mwanzoni mwa 2023, likawahi kuingia Debian 12. Walioudhika na kusubiri huko ni wengi, na sehemu ya lawama ni haki: kusoma si sawa na kuandika, na Debian wangeweza kukubali kusoma mapema bila kubadilisha kifurushi chao hata kimoja. Ila wasiwasi wao ulikuwa wa kweli. Fomati ikishaingia kwenye dpkg haitoki. Kila atakayeandika zana ya kusoma .deb, kwa lugha yoyote, miaka yoyote ijayo, atalazimika kuijua.

Ndiyo maana nadhani distro inayouliza leo iandike kwa fomati gani imeruka hatua. Iulize kwanza toleo lake kongwe linalohudumiwa linasoma nini, na jirani anayeshiriki naye vifurushi anasoma nini. Kama wote wanasoma zstd, na kiwango kikachaguliwa kwa kupima vifurushi vyake halisi, basi ihame, kwa vifurushi vya programu zilizojengwa. Kodi chanzi iachwe kwenye xz au hata gzip. Jalada la kodi halifunguliwi kwa haraka na mtu yeyote, na linatakiwa kufunguka miaka thelathini ijayo. Antonio Diaz Diaz, mwandishi wa lzip, programu nyingine ya kubana, amekuwa akisema kwa muda mrefu kwamba fomati ya xz imejaa mambo mengi mno kwa kazi ya kuhifadhi, na kwa upande wa kuhifadhi hoja zake zinastahili kusomwa hata na asiyeitumia lzip. Brotli, fomati ya Google, ni nzuri kwenye kurasa za wavuti, ibaki huko. LZ4 ina mahali pake pale ambapo kasi ni kila kitu, kama kuwasha mashine, ila kwa vifurushi vya kupakuliwa inabana kidogo mno.

Zipo pia distro zilizokataa kuchagua. Guix inaweza kutoa programu ile ile iliyojengwa ikiwa imebanwa kwa lzip na pia kwa zstd, na mashine ya mtumiaji inaangalia yenyewe kinachoichelewesha: prosesa ikizidiwa na kazi ya kufungua inachukua zstd, na intaneti ikiwa ndiyo kikwazo inachukua lzip, iliyobanwa zaidi. Mtu wa bando na mtu wa nyaya za kasi kila mmoja anapata chake. Anayelipa ni mwenye seva, anayehifadhi kila kitu mara mbili. Kwa mradi wenye seva zake chache hilo linabebeka. Debian wana terabaiti kadhaa za vifurushi, zilizonakiliwa kwenye seva za vyuo na kampuni za kujitolea dunia nzima, na hao ndio wangepaswa kuombwa diski ya pili.